Biblia moja, mirengo miwili: Wakristo wa kushoto na wa kulia wanatofautiana wapi hasa?

Mdadisi (mleta mada)

Wanajukwaa, salaam.

Ninaomba msaada wa wale waliosoma historia ya Kanisa na siasa kuliko mimi. Katika kikundi chetu cha kujifunza Biblia tulifika Matendo ya Mitume sura ya 2, pale panaposemwa kwamba walioamini walikuwa na vitu vyote shirika, wakauza mali zao na kugawiana kadiri kila mtu alivyokuwa na haja, na mazungumzo yakageuka ubishi mkali kiasi kwamba tuliagana bila sala ya kufunga. Upande mmoja ulishikilia kwamba huo ni ujamaa mtupu na kwamba Mkristo anayetetea ubepari hajamsoma Luka. Upande wa pili ulijibu kwa Waraka wa Pili kwa Wathesalonike, kwamba mtu asiyetaka kufanya kazi na asile chakula, ukaongeza kwamba amri ya "Usiibe" haina maana pasipo mali ya mtu binafsi.

Nilirudi nyumbani na maswali matatu. La kwanza: mgawanyiko huu wa kushoto na kulia uliingia lini miongoni mwa Wakristo, na ulianzia kwenye jambo gani? La pili: nimesikia mara nyingi, kana kwamba ni jambo lililokwisha kuamuliwa, kwamba Mkristo wa mrengo wa kushoto ni yule aliyeacha mafundisho ya imani, na wa mrengo wa kulia ni yule aliyeyashika. Je, ndivyo? La tatu ndilo linalonisumbua zaidi. Katika nchi kadhaa, chama kinachotetea uhai wa mtoto aliye tumboni ndicho hicho hicho kinachotaka kodi za matajiri zipungue, na chama kinachotetea mshahara wa mfanyakazi ndicho kinachotaka sheria ya utoaji mimba ilegezwe. Ni aya gani iliyoyafunga mambo haya katika furushi moja? Mimi nimeitafuta sijaiona.

Kalamu Kavu

Ndugu Mdadisi, nianze na swali la kwanza, kwa sababu bila hilo mengine yataelea.

Majina yenyewe ni machanga kuliko ubishi. Yalizaliwa Ufaransa mwaka 1789, wakati Bunge la Taifa lilipokuwa likijadili kama mfalme awe na kura ya turufu dhidi ya sheria: waliotaka aipate walikaa kuume kwa mwenyekiti, waliokataa wakakaa kushoto kwake. Zingatia kwamba hoja ya siku ile haikuwa mishahara wala ndoa; ilikuwa asili ya mamlaka, kama yanashuka kutoka juu au yanapanda kutoka kwa watu. Wala Kanisa halikuwa limeamua bado likae upande gani. Mwezi Juni mwaka ule ule, wengi wa wawakilishi wa makleri, wakiongozwa hasa na mapadre wa parokia waliozijua shida za waumini wao, walipiga kura kujiunga na Tabaka la Tatu, yaani wawakilishi wa watu wasio makleri wala makabaila. Padre Henri Grégoire, ambaye baadaye alikuwa askofu, alibaki mwanamapinduzi na mtetezi wa kukomeshwa kwa utumwa, na wenzake walipoukana ukleri wao hadharani mwaka 1793 yeye alikataa katakata na akaendelea kuhudhuria bungeni na mavazi yake ya kiaskofu.

Kilichowatenganisha ni hatua zilizofuata. Novemba 1789 mali za Kanisa zilitaifishwa. Julai 1790 ikapitishwa Katiba ya Kiraia ya Makleri, iliyowafanya maaskofu na mapadre kuwa watumishi wanaochaguliwa kwa kura na kulipwa na dola, kisha wakatakiwa kula kiapo. Karibu nusu ya mapadre wa parokia walikataa. Papa Pius wa VI aliilaani katiba hiyo mwaka 1791, na mwaka 1793 wakulima wa Vendée, magharibi mwa Ufaransa, waliinuka kwa silaha wakiwa wameshona alama ya Moyo Mtakatifu vifuani. Tangu hapo, kwa zaidi ya karne moja, Mkatoliki mwaminifu wa Ufaransa alidhaniwa kuwa mtu wa mfalme, na mtu wa kushoto alidhaniwa kuwa adui wa makasisi. Hilo, kwa maneno yako, ni furushi la kwanza, na kilicholifunga ni kiapo.

Kuna aliyejaribu kulifungua mapema. Félicité de Lamennais, padre aliyeanza kama mtetezi mkali wa kiti cha enzi na altare, aligundua kwamba wafalme waliorudishwa madarakani walikuwa wakilitumia Kanisa kama idara ya serikali, na mwaka 1830 akaanzisha gazeti lililodai uhuru wa dhamiri, uhuru wa uchapishaji na Kanisa lililotengana na dola. Papa Gregori wa XVI aliyakataa mawazo hayo mwaka 1832. Lamennais akaendelea kwenda kushoto hadi akatoka nje ya Kanisa kabisa. Ninamwonea huruma kila nimsomapo, maana sehemu ya aliyoyaomba ilikuja kukubaliwa na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ulipotoa tamko lake juu ya uhuru wa dini mwaka 1965.

Hata hivyo, ubishi mliokuwa nao kikundini ni wa zamani kuliko 1789. Machi 1525, huko Memmingen, wakulima wa Ujerumani waliandika vifungu kumi na viwili vya madai yao wakaweka aya za Biblia pembeni mwa kila dai. Kifungu cha tatu kilisema kwamba Kristo amewakomboa wote kwa damu yake, mchungaji wa mifugo sawasawa na bwana mkubwa, kwa hiyo si haki mtu kumilikiwa na mtu. Martin Luther, ambaye maandiko yake ndiyo yaliyowapa ujasiri, mwanzoni aliwalaumu mabwana na wakulima pamoja, kisha ghasia zilipoenea akawataka watawala wawapige bila huruma. Thomas Müntzer, mhubiri aliyewaongoza vitani, aliuawa Mei mwaka ule. Luther na Müntzer walikuwa wameisoma Biblia ile ile.

Shemasi Mstaafu

Ninaandika kama mtu ambaye bila shaka angehesabiwa upande wa kulia, na ninaona si haki upande huo uelezwe kama kundi la watu waliopoteza mashamba ya Kanisa wakakasirika.

Hoja ya msingi ya mhafidhina Mkristo haitokani na kupenda matajiri. Inatokana na fundisho la dhambi ya asili. Kama moyo wa mwanadamu umepotoka, basi umepotoka pia moyo wa mpangaji, wa waziri na wa katibu wa chama, na kumkusanyia mtu huyo mamlaka yote ya uchumi kwa matumaini kwamba atayatumia kwa wema ni kusahau anguko la Adamu. Ndiyo maana tunataka mamlaka yatawanyike: familia iwe na yake, parokia iwe na yake, chama cha wafanyakazi kiwe na yake, na dola liingie pale tu ambapo wengine wameshindwa. Katika mafundisho jamii ya Kanisa Katoliki jambo hili huitwa kanuni ya auni, na lilielezwa waziwazi katika waraka wa Papa Pius wa XI wa mwaka 1931. Kwa upande wa Waprotestanti, Abraham Kuyper wa Uholanzi, mchungaji aliyeunda chama cha siasa mwaka 1879 na kuwa waziri mkuu kuanzia 1901 hadi 1905, alifundisha kwamba kila nyanja ya maisha ina enzi yake iliyotoka kwa Mungu moja kwa moja, na kwamba serikali si mama wa nyanja hizo. (Wafanyakazi wa reli walipogoma mwaka 1903, Kuyper huyo huyo alitunga sheria ya kuwazuia watumishi wa umma wasigome. Hapo simtetei.)

Kuhusu Matendo sura ya 2, ninawaomba msiishie hapo. Nendeni hadi sura ya 5, ambapo Petro anamwambia Anania kwamba kiwanja kilipokuwa bado kwake kilikuwa chake, na hata baada ya kukiuza fedha zilikuwa katika uwezo wake. Kosa la Anania lilikuwa uongo. Ushirika ule ulikuwa wa hiari, na kitu cha hiari kikilazimishwa na askari wa kodi hubadilika kuwa kitu kingine, hata kama hesabu ya mwisho ni ile ile.

Tena, mrengo wa kushoto una aibu zake ambazo husahauliwa haraka. Mwaka 1922, wakati Patriaki Tikhon wa Urusi alipokuwa chini ya kifungo cha nyumbani, kundi la mapadre walioitwa Wafanya-upya lilishika uongozi wa Kanisa kwa msaada wa polisi wa siri wa Wabolsheviki, wakomunisti waliokuwa wameshika dola, likitangaza kwamba mapinduzi yanatimiza haki ya Kikristo. Waumini wengi hawakuwafuata, na vita vya pili vya dunia vilipolilazimisha dola litafute suluhu na Kanisa, Stalin mwaka 1943 aliafikiana na upande mwingine, na Wafanya-upya wakayeyuka.

Kamusi ya Babu

Nidokeze jambo moja dogo la lugha, kwa sababu ninahisi nusu ya ugomvi wa kikundi cha Mdadisi ulitokana nalo.

Neno letu "ujamaa" linabeba mizigo miwili. Papa Leo wa XIII alipoukataa ujamaa katika waraka wake wa mwaka 1891, alichokuwa anakikataa ni mpango wa kufuta umiliki wa mtu binafsi na kuhamishia mali yote kwa dola. Na katika waraka huo huo aliwakemea waajiri wanaowatumia watu kama vyombo vya kujipatia faida, akadai mshahara unaomtosha mfanyakazi kuishi, akatetea haki ya kuunda vyama. Julius Nyerere, aliyekuwa Mkatoliki wa kuhudhuria misa, alipoandika juu ya ujamaa mwaka 1962 alianzia kwenye neno jamaa, yaani ukoo, na akaikataa waziwazi dhana ya kwamba jamii njema hujengwa kwa vita vya matabaka. Mtu anayesema "Matendo sura ya 2 ni ujamaa" huenda anamaanisha la pili, na anayemjibu huenda analisikia la kwanza. Nendeni na maana zote mbili mezani.

Binti Naomi

Mzee Shemasi, shikamoo. Nimekusoma kwa makini, na jambo la dhambi ya asili ninalikubali lote. Ninachouliza ni kwa nini dhambi hiyo iishie moyoni. Ikiwa watu wenye dhambi ndio waliotunga sheria za ardhi, waliopanga mishahara na waliochora mipaka ya mitaa, basi dhambi yao imo ndani ya sheria, mishahara na mipaka hiyo, na itaendelea kuua hata baada ya wao kutubu na kufa. Wanaoitwa Wakristo wa kushoto, kwa sehemu kubwa, ni watu waliofuata fundisho lako hadi mwisho wake.

Ndivyo walivyosema maaskofu wa Amerika ya Kilatini walipokutana Medellín, Kolombia, mwaka 1968, na ndivyo alivyoandika padre Gustavo Gutiérrez wa Peru katika kitabu chake cha mwaka 1971 kilichoipa theolojia ya ukombozi jina. Kiini chake si chama wala bunduki. Ni namna ya kusoma: maskini wanaketi pamoja katika jumuiya ndogo, wanasoma Kutoka, Amosi na Luka, na wanajiuliza kama Mungu aliyewasikia watumwa wa Misri ni kiziwi leo. Ule wimbo wa Mariamu unaoimbwa kila jioni katika Masifu, "Amewaangusha wakuu katika viti vyao vya enzi", hauhitaji kuongezewa Karl Marx ili uwatishe wakuu.

Ninajua utaniambia kwamba Vatikano iliionya theolojia hiyo mwaka 1984, kwa mkono wa Kardinali Ratzinger, na ni kweli. Onyo lilihusu kuazima uchambuzi wa Kimarx bila kuupima, na kuigeuza dhambi kuwa jambo la mifumo peke yake. Lakini hati ile ile, mwanzoni kabisa, inasema kwamba onyo lisichukuliwe kuwa kisingizio na wale wanaokaa kimya mbele ya umaskini, na mwaka 1986 Papa Yohane Paulo wa II aliwaandikia maaskofu wa Brazili kwamba theolojia ya ukombozi, ikilindwa vizuri, ni ya manufaa na ni ya lazima. Wanaoinukuu hati ya kwanza huwa na kawaida ya kuisahau barua hii.

Sasa swali la pili la Mdadisi. Óscar Romero alipoteuliwa kuwa Askofu Mkuu wa San Salvador mwaka 1977, matajiri walifurahi, kwa sababu alijulikana kuwa mtu wa sala, mhafidhina, asiye na makuu. Wiki chache baadaye rafiki yake, padre Rutilio Grande, aliuawa barabarani pamoja na mzee mmoja na kijana mmoja. Romero hakubadili kanuni ya imani hata neno moja. Alibadili alichokuwa tayari kukisema hadharani. Machi 23, 1980 aliwaambia askari katika mahubiri kwamba hakuna askari anayelazimika kutii amri iliyo kinyume cha sheria ya Mungu. Kesho yake alipigwa risasi akiadhimisha misa. Alitangazwa mtakatifu mwaka 2018. Huyo alikuwa wa kushoto kwa mafundisho yapi aliyoyaacha?

Na kuhusu aya moja kutumiwa na pande mbili, someni tamko la Kairos lililotolewa na wanatheolojia wa Afrika Kusini mwaka 1985. Watetezi wa ubaguzi wa rangi walikuwa wakiisoma Warumi 13, "Kila mtu na aitii mamlaka iliyo kuu", kama hati ya kuishi milele. Waandishi wa Kairos hawakuifuta sura hiyo. Waliuliza Paulo alikuwa akiwaandikia nani na kwa sababu gani, kisha wakaiweka kando ya Ufunuo 13, ambapo mamlaka iliyo kuu ni mnyama atokaye baharini. Jambo lililoniuma zaidi katika tamko lile ni kwamba maneno yake mazito hayakuishia kwa serikali. Yaliyagusa makanisa yaliyojiita ya katikati, yaliyohubiri upatanisho kabla ya haki, kana kwamba anayekaba na anayekabwa wamegombana tu.

Mdadisi

Ninawashukuru nyote, nawe Kamusi ya Babu kipekee, kwa kuwa nadhani umetugusa. Swali la tatu bado linaning'inia. Kama Romero alikuwa mhafidhina wa imani na mtetezi wa wakulima kwa pamoja, na kama Papa Leo aliukataa ujamaa na kuwatetea wafanyakazi kwa pamoja, basi furushi tunaloliona leo lilifungwa wapi? Ninahisi jibu liko Marekani, kwa sababu lugha tunayogombania mara nyingi ni ya huko.

Nanga

Unahisi sawa. Tazama kilichotokea kule kati ya mwaka 1965 na 1980.

Mwaka 1965 mchungaji wa Kibaptisti aitwaye Jerry Falwell alihubiri akiwalaumu wachungaji walioandamana kudai haki za raia Weusi, kwa hoja kwamba mhubiri ameitwa kuokoa roho na wala si kuingia katika siasa. Miaka miwili tu kabla ya hapo, Martin Luther King alikuwa amewajibu viongozi wanane wa dini kwa barua kutoka gereza la Birmingham, akieleza kwamba aliyemkatisha tamaa zaidi ni mtu wa wastani anayependa utulivu kuliko haki. Mwaka 1979 Falwell yule yule alianzisha Moral Majority, kundi lililowaandikisha waumini kuwa wapiga kura na kumsaidia Ronald Reagan mwaka uliofuata. Waliyemwangusha ni Jimmy Carter, Mbaptisti mwenzao, mwalimu wa shule ya Jumapili, aliyekuwa akitamka hadharani kwamba amezaliwa mara ya pili.

Nini kilitokea katikati? Wengi watakujibu: hukumu ya Mahakama Kuu ya mwaka 1973 iliyohalalisha utoaji mimba. Kwa Wakatoliki jibu hilo ni sahihi, kwa maana maaskofu wao waliipinga tangu siku ya kwanza. Kwa Waprotestanti wa kiinjili mambo hayakuwa mepesi hivyo. Southern Baptist Convention, dhehebu kubwa kuliko yote ya Kiprotestanti nchini humo, mwaka 1971 lilipitisha azimio lililotaka sheria iruhusu utoaji mimba katika hali kadhaa, zikiwemo ubakaji na hatari kwa afya ya mama, hata afya yake ya akili. Lilibadili mwelekeo baadaye. Ndiyo maana baadhi ya wanahistoria hushikilia kwamba cheche ya kwanza ilikuwa nyingine: hatua ya serikali ya kuziondolea msamaha wa kodi shule binafsi zilizobagua kwa rangi, zikiwemo za Kikristo, mvutano uliofika Mahakama Kuu katika shauri la Bob Jones University, ambalo chuo kilishindwa mwaka 1983. Wanahistoria wengine hawakubali, wakisema waumini wa kawaida walikuwa na uchungu wa kweli juu ya mimba. Mimi ninaona yote mawili yana ukweli wake: suala la shule liliwakusanya viongozi, suala la mimba likawakusanya waumini.

Na kodi ya matajiri? Hiyo iliingia kwa mlango wa Vita Baridi. Dola la Kisovieti lilifunga makanisa na pia lilitaifisha viwanda, hivyo mbele ya macho ya Mkristo wa Marekani asiyemwamini Mungu na asiyeliamini soko walikuwa mtu mmoja. Adui mmoja aliwafanya washirika wawe ndugu, na adui alipoanguka udugu ukabaki kwa mazoea.

Ushahidi kwamba furushi lingeweza kufungwa kwa namna nyingine ni William Jennings Bryan. Aligombea urais kwa chama cha Democratic mara tatu, 1896, 1900 na 1908, akiwatetea wakulima wenye madeni dhidi ya mabenki, akitaka kodi ya mapato na kura ya wanawake, na mwaka 1915 akajiuzulu uwaziri wa mambo ya nje kwa kuona nchi inasogezwa kuelekea vitani. Mtu huyo huyo mwaka 1925 alikwenda Dayton, Tennessee, kumshtaki mwalimu aliyefundisha nadharia ya mageuko ya viumbe. Kwake yeye hakukuwa na mgongano wowote: aliyechukia kuona mwenye nguvu akimla mnyonge sokoni alichukia pia nadharia aliyodhani inaubariki ulaji huo. Leo asingepata chama cha kumsimamisha, upande wowote.

Dorothy Day naye ni vivyo hivyo. Mei Mosi mwaka 1933 alianza kuuza gazeti lake New York kwa senti moja, akafungua nyumba za kuwalisha wasio na kazi, akakataa vita vyote hadi akafungwa, na wakati huo huo alisali rozari na kuwatii maaskofu katika kila fundisho la imani na maadili. Nilipomsoma mara ya kwanza nilikuwa nimejiandaa kumweka kwenye kabati fulani. Nimeshindwa hadi leo.

Shemasi Mstaafu

Marahaba, binti Naomi. Umenibana mahali pamoja nami ninakiri: nilipowataja Wafanya-upya wa Urusi nilipaswa kuwataja na wale Wakristo wa Ujerumani waliotaka Kanisa la Kiprotestanti liongozwe kwa itikadi ya Hitler, wakakataliwa na wenzao katika azimio la Barmen mwaka 1934. Ugonjwa ni ule ule, na kule ulikuja kutoka upande wangu.

Nanga naye amenikumbusha jambo ambalo vijana wa siasa za kulia hawapendi kulisikia. Chama cha CDU (Umoja wa Kidemokrasia wa Kikristo) cha Ujerumani, ambacho hutajwa daima kama kielelezo cha siasa za Kikristo za kulia, kilitoa huko Ahlen mwaka 1947 mpango uliosema kwamba mfumo wa kibepari haukuitendea haki jamii ya Wajerumani, na kikataka sehemu ya viwanda vizito iwe mali ya umma. Miaka miwili baadaye kiliugeukia uchumi wa soko lenye kujali jamii. Ni waumini wale wale, na Konrad Adenauer ndiye aliyekuwa akiwaongoza mara zote mbili.

Lakini wewe, binti Naomi, sitakuachia upite bila swali. Padre Camilo Torres wa Kolombia alichukua bunduki akafa msituni mwaka 1966. Ernesto Cardenal, padre na mshairi, alikubali kuwa waziri katika serikali ya Wasandinista, wanamapinduzi walioshika madaraka Nikaragua, baada ya 1979. Unasema kiini cha theolojia ya ukombozi si chama wala bunduki. Basi hao wawili tuwaweke wapi? Mimi kipimo changu kwa mrengo wowote ni kimoja, kama kasisi aliyemo ndani yake bado ana ulimi wa kuukemea.

Binti Naomi

Torres sitamtetea, Mzee, ingawa ninaona uchungu kwamba alipokuwa akiomba njia ya amani hakuna aliyemsikiliza. Alikufa katika mapigano yake ya kwanza.

Kuhusu Cardenal ninakipokea kipimo chako kama kilivyo. Machi 1983 Papa Yohane Paulo wa II alimnyoshea kidole hadharani katika uwanja wa ndege wa Managua, Cardenal akiwa amepiga magoti mbele yake, na baadaye akazuiwa kutoa huduma za kipadre kwa sababu hakuuacha uwaziri. Hadi hapo hoja yako inasimama. Lakini mwaka 1994 aliondoka katika chama cha Wasandinista, na tangu hapo alimpinga Daniel Ortega, kiongozi wa chama hicho, waziwazi, akimwita dikteta, hata alipokuwa mzee anayeandamwa na mahakama za nchi yake. Papa Fransisko alimwondolea zuio lile Februari 2019. Cardenal alikuwa na umri wa miaka 94, yuko hospitalini, na alifariki mwaka uliofuata.